Uzuri wa Mkakasi: Rangi Mpya Juu ya Kuta za Mwanza

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii aghalabu hutumiwa kwa watu, kwa yule ambaye sura yake hupendeza na matendo yake yakachukiza. Lakini msafiri atakayeishika barabara ya Nyerere jijini Mwanza, akatoka katikati ya mji, akapita Mabatini na Nyakato hadi Buzuruga na Igoma, ataiona methali hiyohiyo juu ya kuta. Maduka yamejipanga pande zote mbili: hili jekundu, lile la njano, la tatu la buluu, na mengi yamevaa jina la kampuni ya simu, ya soda au ya saruji. Yakitazamwa mwezi Septemba, kabla ya mvua za vuli, yanapendeza macho. Yakitazamwa tena mwezi Juni, masika yakiisha, baadhi yake yametoka malengelenge, rangi imebambuka kama magamba ya samaki, na chini ya njano ya leo buluu ya jana inachungulia.

Jambo hili linaonekana dogo. Nani ana haja ya kugombana juu ya rangi ya duka, katika mji wenye shida ya maji, ya barabara na ya ajira? Hata hivyo, ukuta ni mali. Kwa familia nyingi za kando ya Ziwa Viktoria ndiyo mali kubwa kupita zote walizo nazo, na anayeushika ukuta wa mtu ameshika jasho la miaka mingi. Swali la makala haya ni moja tu: ni nani anayewajibika kwa kile kilicho chini ya rangi?

Kuta hizi zina tarehe zake. Kampuni iliyoitwa Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, na Zain ikageuka Airtel mwaka 2010. Vodacom iliyokuwa ya buluu ikawa nyekundu mwaka 2011. Tigo, iliyozoeleka kwa buluu yake kwa muda mrefu, ilibadilishwa jina ikaitwa Yas mwezi Novemba 2024, na njano ikaja pamoja na jina. Ukuta uliokuwa wa Celtel mwanzoni mwa mwaka 2008 uliweza kuwa umevaa majina matatu kabla mwaka 2010 haujaisha. Mwenye duka wa Igoma hakuuza hisa wala hakununua, hakuitwa kwenye mkutano wala hakuulizwa neno. Lakini uamuzi uliofanywa na watu walio mbali, wasioijua hata njia ya kufikia mlango wake, ulimfikia kwa burashi na ndoo.

Kubadili rangi si kosa. Kampuni ina haki ya kujiita itakavyo, na mwenye nyumba ana haki ya kuchoka na buluu akatamani njano. Rangi ni furaha ya macho, na mji usio na rangi ni mji wa huzuni. Kosa limo katika namna ya kubadili: katika haraka inayofika asubuhi na kuondoka jioni, katika kupaka kipya juu ya kibovu, na katika imani kwamba kisichoonekana hakistahili kulipiwa.

Kinachoachwa katika haraka hiyo ni rangi ya msingi, ambayo mafundi huiita praima. Praima haina sifa ya kusimuliwa. Kwa kawaida ni nyeupe na haing'ai, na ikimaliza kazi yake hakuna atakayeiona tena. Kazi zake, hata hivyo, ni nyingi. Huziba vitundu vya lipu ili rangi ya juu isinywewe na ukuta. Huipa rangi ya juu mahali pa kushika. Huifunika rangi ya zamani na madoa ya moshi na mafuta yasipande tena juu. Na ikiwa lipu ni mpya, praima ya aina inayofaa huikinga rangi na ukali wa saruji, kwa maana saruji mbichi ina alkali iwezayo kuiunguza rangi ya mafuta. Ndiyo sababu lipu mpya huachwa ikauke kwa kiasi cha siku 28 kabla ya kupakwa.

Kabla ya praima kuna kazi nyingine isiyo na sifa vilevile: kukwangua kilicholegea, kuosha, kuziba nyufa, kuacha ukuta ukauke, kupiga msasa, kufuta vumbi. Ukuta uliopakwa chokaa zamani hutoa unga, na rangi iliyoshika unga haijashika ukuta. Ukuta wenye rangi ya mafuta inayong'aa hauikubali rangi ya maji mpaka upigwe msasa, kama vile bati lenye grisi lisivyokubali gundi. Tena rangi zenyewe hazilingani nguvu. Njano na nyekundu nyingi za siku hizi hufunika kwa shida. Njano nyepesi ikipakwa moja kwa moja juu ya buluu iliyokoza huchukua uchafu wa kijani, na fundi hulazimika kurudia mkono wa tatu na wa nne. Basi hao wanaotaka kuigeuza buluu iwe njano ndio wanaoihitaji praima kuliko watu wote.

Mwanza nayo si mji wa kuchezewa na rangi. Ni mji uliojengwa juu ya mawe na kati ya mawe, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake huja mara mbili kwa mwaka. Katika miteremko ya Mabatini, Igogo, Bugando na Isamilo nyumba zimepanda mlima kwa ngazi, na mara nyingi ukuta wa nyuma wa nyumba umekabiliana na jabali au na udongo uliochongwa. Maji ya mvua yakishuka hayana pa kwenda ila kupenya. Nyumba nyingi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma au ya udongo, bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Unyevu hupanda kutoka ardhini kama mafuta yapandavyo utambi, ukibeba chumvi na kuitoa nje ya lipu. Hapa ni lazima haki itendeke kwa pande zote: praima haiponyi maji yanayotoka nyuma. Ukuta wa namna hiyo huhitaji kwanza mfereji, kisha subira, kisha praima, na rangi mwishoni. Lakini anayeanza na mwisho hatapata hata nafasi ya kuujua ugonjwa. Ameufunika uso wa mgonjwa kwa poda, akaondoka.

Watetezi wa haraka wana hoja zao, nazo zastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni umaskini. Husemwa kwamba praima ni anasa ya nyumba za Capri Point, na kwamba mtu aliyejinyima ili apate debe moja la rangi asiongezewe mzigo wa debe la pili. Hoja hii ina huruma, lakini hesabu yake ni mbaya. Ukuta mkavu wenye vitundu hunywa. Usiponyweshwa praima, utainywa rangi yenyewe, ambayo kwa kawaida ndiyo ghali zaidi, na mkono wa kwanza wa rangi utakuwa umefanya kazi ya praima kwa bei ya rangi na kwa ustadi mdogo kuliko praima. Kisha masika yatapita, rangi itabambuka, na mwenye nyumba atanunua tena. Tajiri akipaka vibaya hupoteza fedha; maskini akipaka vibaya hupoteza ada ya mtoto. Anayemhurumia maskini hana budi kumwambia ukweli huu, badala ya kumsifia njia fupi itakayomrudisha dukani mwakani.

Hoja ya pili ni shukrani. Husemwa kwamba kampuni humpakia mwenye duka bure, na kwamba mtu hapewi farasi akahesabu meno yake. Lakini bure hiyo ni ya nani? Mara nyingi malipo ya mwenye duka ni rangi yenyewe, wala hapewi kodi ya ukuta. Kwa malipo hayo kampuni imepata bango kando ya barabara kuu, linalosimama usiku na mchana, linalolindwa na mwenye duka mwenyewe, lisilodai mshahara. Hapo pametokea biashara, na katika biashara kila upande una deni. Wahenga walisema pia: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayejitembeza juu ya ukuta wa mwenzake angalau aufute miguu kabla ya kupanda.

Ushahidi mkubwa zaidi uko nyuma ya duka. Msafiri huyohuyo wa barabara ya Nyerere akishuka kwenye daladala, akapita uchochoro na kuzunguka, mara nyingi atakuta kwamba rangi imeishia pembeni. Ukuta wa mbele, unaotazama magari, unawaka. Kuta tatu zilizobaki ni tofali tupu au lipu iliyochoka. Aliyepaka hakuwa akiipaka nyumba. Alikuwa akiwapakia abiria. Tabia hii haikuanza na makampuni, wala haitaisha nao. Mara ngapi shule au zahanati imepakwa upande mmoja, wiki moja kabla ya mgeni mkubwa kufika, juu ya nyufa zilezile na ukungu uleule? Mgeni hupiga picha, huondoka, na mvua huja kukagua kazi kwa mara ya pili.

Hoja ya tatu humtupia lawama fundi. Kweli wapo mafundi walaghai, wanaoongeza maji kwenye rangi mpaka ikafanana na maziwa ya chai. Lakini fundi anayelipwa kwa idadi ya maduka aliyoyamaliza, na kupewa siku chache amalize mtaa mzima, hana siku ya kuuacha ukuta ukauke. Hakununua yeye vifaa. Amekabidhiwa ndoo ya njano na kuambiwa apake. Fundi mzuri huujua ukuta kwa kuugonga kwa kidole na kuupitisha kiganja. Ujuzi huo unakufa, si kwa sababu vijana wa Mwanza ni wavivu, bali kwa sababu hakuna anayeulipia.

Inasikitisha zaidi kwamba haya yanatokea katika nchi ambayo ukuta uliwahi kuwa na heshima ya kitabu. Miongoni mwa Wasukuma kulikuwa na chama cha Bayeye, mabingwa wa kushika nyoka na kutibu sumu yake. Katika nyumba zao za kukutania walichora ukutani nyoka, watu na viumbe wa masimulizi, na michoro hiyo ilihusika na mafunzo ya wanachama. Hans Cory, mtafiti aliyeitumikia serikali ya kikoloni na kuishi miaka mingi Mwanza, aliichapishia michoro hiyo kitabu mjini London mwaka 1953. Huko Bujora, Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na padri David Clement yangali yakifundisha kwamba rangi, ngoma na kiti cha mtemi vilikuwa na lugha yake.

Mchoraji wa nyumba ya udongo hakuwa na praima ya dukani, lakini hakuchora juu ya ukuta mbovu. Ukuta ulikandikwa, ukasiribwa, ukalainishwa kwa mikono, ukaachwa ukauke, ndipo picha ikaja. Maandalizi yalikuwa sehemu ya kazi, tena sehemu kubwa. Wajukuu wa watu hao leo wanaambiwa kwamba maandalizi ni kupoteza muda. Wanaambiwa hivyo na nani, ikiwa si na wale wanaotaka ukuta bila kuutaka mwenye ukuta?

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba shida hii ni ya bara peke yake. Zanzibar inayo kwa sura nyingine. Kuta za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta za namna hiyo hupumua: huingiza unyevu na kuutoa. Zikipigwa lipu ya saruji na kufunikwa kwa rangi za plastiki, unyevu hufungiwa ndani, chokaa huoza kimyakimya, na siku moja kipande kizima huanguka uchochoroni. Dawa ya ukuta huo ni chokaa juu ya chokaa, na praima ya kuziba vitundu ingeudhuru badala ya kuuponya. Kanuni, hata hivyo, ni ileile ya Mwanza: ukuta uulizwe kwanza, kisha ndipo rangi ichaguliwe.

Mombasa nayo ilitoa somo lake mwaka 2018, serikali ya kaunti ilipowaagiza wenye majengo wapake nyeupe na buluu. Mabishano yaliyozuka yalikuwa juu ya rangi ipi na nani alipe. Kila upande ulikuwa na la kusema juu ya uso wa mji. Maneno juu ya afya ya kuta zenyewe, nyingi zikiwa zimekula chumvi ya bahari kwa vizazi, yalisikika kwa nadra mno. Iwe ni serikali iwe ni kampuni, mwenye amri huanza na rangi kwa kuwa rangi ndiyo inayoonekana kutoka ndani ya gari.

Liko jambo moja zaidi, nalo si la kupendeza macho hata kidogo. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano na nyekundu, nyingi zilitiwa madini ya risasi ili ziwake. Hatari yake haikugunduliwa jana. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji rangi wa ndani ya majengo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa maana risasi hudhoofisha ubongo unaokua. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, unapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja. Nchini Tanzania uchunguzi wa shirika la AGENDA ulikuta risasi kwa wingi katika baadhi ya rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa madukani.

Maana yake kwa ukuta uliovaa rangi tano katika miaka ishirini ni wazi. Kila tabaka linaloachwa libambuke huanguka mlangoni, mahali watoto wanapocheza, na mama anapotandaza dagaa au mihogo. Na anayekwangua kwa msasa mkavu bila kulowesha, bila kitambaa puani, bila kufagia na kutupa alichokwangua, amegeuza historia ya makampuni kuwa vumbi la kupumuliwa na mtoto wa jirani. Kwa hiyo kuandaa ukuta kwa uangalifu ni suala la afya kabla halijawa suala la urembo.

Yanayopaswa kufanywa hayahitaji tume wala semina. Kampuni inayotaka ukuta iandikiane na mwenye nyumba, kwa Kiswahili anachokisoma, mkataba unaotaja mambo manne: ukuta utaandaliwa vipi, utapakwa praima gani, utarudiwa lini, na siku kampuni itakapobadili jina au kuondoka, nani ataurudisha katika hali njema. Ipake nyumba nzima, au iseme wazi kwamba inakodi upande mmoja na ilipe kodi ya upande huo. Halmashauri za Nyamagana na Ilemela, zinazojua kuuhesabu ukubwa wa tangazo, zijue pia kuuliza kilicho chini yake. Mkuu wa shule anayepewa ndoo za rangi kwa ajili ya mgeni aombe kwanza mifuko ya saruji ya kuziba nyufa. Asipopewa, afadhali mgeni aione shule kama ilivyo. Na mwenye duka, ambaye hakuna anayemwandikia makala, ajue kwamba ana haki ya kusema: subiri, ukuta huu haujakauka.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni makubwa mno kwa ndoo ya rangi nyeupe. Lakini wahenga haohao walionya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na walisema hivyo wakijua gharama ya ukuta. Njano iliyopakwa juu ya buluu katika barabara ya Nyerere imekwisha kuanza kuhesabiwa na mvua. Pale ilipotanguliwa na msasa na praima itadumu. Pale ilipowekwa kwa haraka, mwenye duka atasimama mlangoni baada ya masika na ufagio mkononi, akizoa magamba ya rangi ambayo hakuichagua, huku jina lililoandikwa juu ya kichwa chake likibambuka herufi moja baada ya nyingine. Hapo atakuwa na haki ya kuwauliza walioitaka njano yao ionekane: mbona ufagio mmeniachia mimi?